Januari naenda kuvua trauti milimani!
Jamani nimeamua, Januari navuka Malaba naenda Kenya kuvua trauti. Mimi mtu wa Jinja nimekua na ngege na sangara wa ziwani, lakini huyu samaki wa maji baridi ameniingia kichwani hata usingizi sipati. Nataka mto Ragati unaotoka Mlima Kenya, halafu Gura kule Aberdare, ambako trauti walipandikizwa 1905, yani nasimama palepale walipoanzia! Nimechagua Januari sababu mvua zinakuwa zimepungua, maji yakijaa tope samaki haoni kabisa kile kinzi cha manyoya, yani nzi bandia wa kwenye ndoano, unachomrushia. Usiku nafunga vinzi mwenyewe kwa manyoya ya jogoo, vidole vinauma lakini raha tupu. Waliowahi kwenda, nibebe koti zito kiasi gani?