Meseji za bei ya mahindi: kumbukumbu ya mradi, wiki ya 9

Hatimaye meseji zangu zinasomwa. Mwanzoni zilikuwa zinafutwa hata hazijafunguliwa, na siwalaumu. Nani mwenye laini Tanzania hajawahi kupokea "ile hela tuma kwenye namba hii"? Namba ngeni ikianza habari za hela ni tapeli, basi. Dawa nilipewa na shangazi yangu wa Kahe: "Anza na salamu ya kikoba chetu, halafu ndiyo useme hiyo bei yako." Jumatatu nikaanza na salamu. Watu sita wakanibipu.

Kwa mgeni wa kumbukumbu hii: nina kompyuta mpakato ya zamani, modemu ya USB na programu huria ya Gammu, ya kutuma meseji kutoka kwenye kompyuta. Kila Jumatatu nawatumia wakulima 31 bei za Mbuyuni hapa Moshi mjini, na za Himo, njia ya mahindi yanayovuka Holili kwenda Kenya. Wengi wana kitochi, kwa hiyo habari za kikundi cha WhatsApp nilishaziacha.

Jumatano kifurushi cha meseji kikaisha ghafla. Aliyekula ni ng'ombe. Nilikuwa nimeongeza bei ya pumba za ng'ombe, na kompyuta kwa ujuaji wake ikageuza ile alama ya juu ya neno ng'ombe kuwa iliyopinda. Meseji moja hubeba herufi 160, lakini ikiingia alama moja tu isiyo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za simu, nafasi inashuka hadi 70. Alama iliyonyooka imo kwenye orodha, iliyopinda haimo. Meseji yangu ya herufi 140 ikawa inakwenda vipande vitatu, mara watu 31. Sasa naandika kwenye programu isiyo na ujuaji.

Shida kubwa zaidi ilikuwa debe. Pale Mbuyuni muuzaji mmoja anasawazisha juu kwa kijiti, jirani yake anaacha mlima. Niliazima mizani nikapima yote mawili: la kwanza kilo 16 na nusu, la pili zaidi ya 18. Kumbe wiki zote hizo nilikuwa nalinganisha vitu viwili tofauti na kuviita bei. Nikahamia kwenye kilo kwa furaha, shangazi akanipigia: "Kilo? Mwanangu, mimi nina debe." Haya, sasa naandika kilo na debe la kufuta, lile la kijiti, yote mawili.

Hata hivyo, Himo ikizidi Mbuyuni, nauli ya gunia mojamoja inaila ile tofauti. Inalipa watu wakichanga magunia wakakodi gari moja. Hilo wameshaanza kulipanga wenyewe, bila mimi.

Jumamosi nikaenda Kahe kula. Shangazi akaniambia, kama anayetaja hali ya hewa tu, kwamba mwaka jana aliuza Agosti, kila mtu akiwa anauza, na Januari akanunua unga dukani. Mahindi ya shamba lake mwenyewe, huenda! Mimi miezi miwili namtumia bei ya leo, wakati anachotaka kujua ni kama auze leo au asubiri. Na kusubiri kunataka pa kuhifadhi: dumuzi, wale ambao wazee huwaita Scania, wanageuza gunia kuwa vumbi. Mwaka huu amenunua mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa. Ukiifunga vizuri wadudu wanakosa pumzi humohumo. Mitatu tu, lakini ni mwanzo.

Bei za miezi iliyopita nimezipata nisikotegemea. Mangi mmoja wa Mbuyuni ana daftari lake la manunuzi, mwezi kwa mwezi, kurasa zimelowa mafuta ya taa. Alinitazama sana kabla ya kunipa. Nimepiga picha kila ukurasa, na usiku nanakili kwenye jedwali.

Meseji ya Jumatatu ijayo ina masoko mawili, kilo, debe, na bei ya Januari iliyopita kwa kulinganisha. Nimehesabu: herufi 171. Kuna 11 za kukata. Salamu peke yake imekula 24, na hiyo siigusi.