Jinsi nilivyoutafuta uvujaji wa mvuke wa petroli uliowasha taa ya injini

Ninaishi Akron, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, ambako gari linalowaka taa ya injini haliwezi kupita kipimo cha hewa chafu kiitwacho E-Check, na gari lisilopita kipimo hicho haliongezewi usajili. Kipimo hiki hufanywa katika kaunti saba tu za kaskazini-mashariki ya jimbo, Summit yetu ikiwamo, na kwa kawaida magari ya miaka witiri hupimwa katika miaka witiri, yale ya miaka shufwa katika miaka shufwa. Langu ni sedani ya Kijapani ya silinda nne, toleo la mwaka 2009, kwa hiyo zamu yake ilikuwa mwaka 2025. Na kwa kuwa hapa usajili huisha siku ya kuzaliwa ya mwenye gari, nilijua mapema kabisa ni lini nitahitaji kuwa na dashibodi isiyo na taa hiyo. Ninaeleza nilivyofanya kwa sababu nimewaona jamaa wengi wa hapa wakinunua kipuri kimoja baada ya kingine kwa tatizo hilihili, na taa ikirudi palepale.

Taa ilipowaka ilitulia bila kumetameta, na tofauti hiyo ni ya msingi. Taa inayometameta kwa kawaida ina maana kwamba silinda fulani haichomi mafuta ipasavyo, na kuendelea kuendesha katika hali hiyo huweza kuharibu kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye ekzosi. Inayotulia inakupa nafasi ya kuchunguza, mradi hakuna harufu kali ya petroli wala mafuta yanayodondoka. Nilichomeka kifaa kidogo cha kusoma misimbo, yaani alama za makosa ambazo kompyuta ya gari huhifadhi, katika soketi iliyo chini ya usukani, soketi ambayo magari yote madogo ya petroli yanayouzwa Marekani yanapaswa kuwa nayo tangu toleo la mwaka 1996, na nikapata P0456, yaani uvujaji mdogo sana katika mfumo wa mvuke wa mafuta. Wiki kadhaa baadaye iliongezeka P0455, yaani uvujaji mkubwa. Nilinakili misimbo yote miwili pamoja na kumbukumbu ya hali ya gari wakati kosa liliporekodiwa, kisha nikaiacha bila kuifuta, kwa sababu anayefuta msimbo hufuta pia ushahidi wake. Kule kutoka uvujaji mdogo hadi mkubwa ndani ya majira mamoja ya baridi kulinieleza kitu tangu mwanzo: palikuwa na tundu linalopanuka, na kwa mazingira ya hapa nilishuku kutu kuliko vali.

Hapa inafaa kueleza mfumo wenyewe, maana bila kuuelewa mtu hubaki kubahatisha. Petroli huvukiza hata gari likiwa limezimwa, na mvuke huo ni haidrokaboni ambazo, zikikutana na oksidi za naitrojeni chini ya mwanga wa jua, hutengeneza ozoni ya karibu na ardhi inayoumiza mapafu. Isitoshe, ndani yake mna kemikali iitwayo benzini, ambayo husababisha saratani. Kwa hiyo tangi la mafuta halipumui moja kwa moja nje. Mvuke hupita kwenye paipu hadi katika kopo lililojaa mkaa maalumu, mkaa huo huushika, na injini inapofanya kazi vali ya kunyonyea mvuke hufunguka ili mvuke uvutwe na kuchomwa pamoja na mafuta mengine. Upande wa pili wa kopo kuna vali ya kuingizia hewa safi. Kompyuta ya gari ina wajibu wa kuhakikisha kwamba chombo hiki chote, kuanzia mfuniko wa tangi hadi kwenye injini, hakipitishi hewa, na kiwango kinachotumika Marekani, kilichoanzia California, ni kikali: magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea hutengenezwa yatambue tundu la kipenyo cha nusu milimita, yaani tundu la sindano.

Gari langu hujipima likiwa limeegeshwa. Saa tano hivi baada ya kuzimwa, kompyuta huamka yenyewe na kuwasha pampu ndogo iliyofungwa pamoja na kopo la mkaa. Pampu hiyo kwanza huvuta hewa kupitia kitundu cha kipimo cha nusu milimita na kukumbuka nguvu ya mvuto iliyopatikana, kisha hufanya hivyo kwa mfumo mzima na kulinganisha. Mvuto wa mfumo ukiwa dhaifu kuliko ule wa kitundu, maana yake kuna mahali hewa inaingia, na likishindwa mara mbili mfululizo taa huwaka. Lakini kipimo hiki hakifanyiki kila siku. Tangi likiwa limejaa zaidi ya asilimia 90, au joto likiwa chini ya nyuzi 4 hivi au juu ya nyuzi 35 za Selsiasi, kompyuta huahirisha. Katika Januari ya Ohio, ambapo baridi inaweza kukaa chini ya sifuri kwa siku nyingi mfululizo, gari linaweza kuvuja wiki nzima bila kujipima hata mara moja. Ndiyo sababu taa hii huonekana kama ina mapenzi yake yenyewe, ikichelewa kuwaka baridi inapokaza na kuja hali ya hewa inapolegea, na aliyefuta msimbo akadhani tatizo limejiponya.

Nilianza na mfuniko wa tangi, kwa kuwa hauhitaji zana na kweli mara nyingi ndio wenye kosa. Nilikagua mpira wake wa duara kama umepasuka au umekakamaa, nikapitisha kidole kwenye mdomo wa bomba ambapo mpira huo hukaa, nikausikiliza mfuniko ukilia unapokazwa. Mpira ulikuwa laini na mdomo ulikuwa safi. Muuzaji wa vipuri alinishauri ninunue mfuniko mpya hata hivyo, kwa hoja kwamba ni wa bei rahisi. Sikununua. Msimbo unataja dalili, hautaji kipuri, na kubadilisha kitu ambacho hakijaonekana kuwa kibovu hakumsogezi mtu mbele. Tena mifuniko mingine isiyo ya asili hukaa vibaya na kuleta uvujaji mpya juu ya ule wa zamani.

Kisha nikaenda kwenye vali ya kunyonyea mvuke iliyo karibu na injini. Injini ikiwa baridi na inaunguruma gari likiwa limesimama, nilichomoa mpira unaotoka upande wa kopo na kuweka kidole kwenye mdomo wa vali. Sikuhisi mvuto wowote, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu wakati huo kompyuta haijaamuru ifunguke. Nilizima injini, nikaitoa vali na kupuliza ndani yake: hewa haikupita, na nilipoipa umeme wa betri ya volti 12 ikalia na kupitisha. Vali iliyokwama wazi ingenionyesha pia dalili nyingine inayojulikana sana, nayo ni gari kuwaka kwa shida mara tu baada ya kujaza mafuta, na dalili hiyo sikuwa nayo. Kwa hatua hii moja upande wote wa injini ukatoka katika orodha ya washukiwa, nikabaki na upande wa nyuma: kopo, paipu, tangi, na bomba la kujazia mafuta.

Huko nyuma macho na pua havitoshi. Nililala chini ya gari na tochi nikaona paipu zote zimekaa mahali pake, lakini sehemu ya bomba la kujazia imefichwa na plastiki ya ndani ya madigadi, na juu ya tangi hapaonekani kabisa bila kulishusha. Nilihitaji moshi. Mzee mmoja kutoka Bukavu, aliyekuwa fundi huko kabla ya kuletwa hapa kama mkimbizi, ana mashine ya moshi katika gereji yake, na tulikubaliana nimlipe kwa saa moja. Mashine hiyo hupasha mafuta maalumu hadi yawe moshi mweupe, kisha huusukuma ndani ya mfumo kwa shinikizo dogo mno, kiasi cha nusu PSI (kipimo kilekile cha upepo wa tairi), ilhali tairi la gari dogo hubeba zaidi ya PSI 30. Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimesikia watu wakisema watumie kompresa ya kujazia tairi. Hewa ya kompresa inaweza kupasua kopo na viungo vya plastiki, na kusukuma hewa ya kawaida kwa nguvu ndani ya tangi lenye mvuke wa petroli ni kutafuta moto. Mashine ya mzee huyu husukuma moshi kwa gesi ya naitrojeni, ambayo haisaidii moto kuwaka.

Kabla ya kuanza, alitumia kompyuta yake ya gereji kuifunga vali ya hewa safi iliyo kwenye kopo. Bila hatua hiyo moshi ungetoka wote kupitia njia ya hewa ya kawaida, na tungelaumu kopo zima bure. Nilipoinama kutaka kulegeza plastiki ya madigadi mapema, alinizuia: "Ngoja kwanza, ndugu yangu. Usifungue kitu mpaka moshi utuonyeshe unatokea wapi." Tukangoja kidogo. Moshi ulianza kuchuruzika juu ya gurudumu la nyuma la upande wa dereva, kutoka nyuma ya ile plastiki. Hapo ndipo tukaitoa, na udongo uliochanganyika na chumvi ukaanguka sakafuni. Bomba la kujazia mafuta, ambalo ni la chuma, lilikuwa limeliwa na kutu pale lilipokumbatiwa na kishikizo chake, na moshi ulitoka katika matundu kadhaa madogo yaliyofuatana. Tulimulika pia juu ya kopo na kwenye kila kiungo, na hapakuwa na mahali pengine. Huo uhakika wa mwisho nauthamini kuliko kuliona tundu lenyewe, kwa maana kutu ikishatoboa sehemu moja mara nyingi imegusa na nyingine.

Sababu yake si fumbo kwa mtu anayeishi hapa. Barabara za Ohio hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi ili barafu iyeyuke, magurudumu huirusha ndani ya madigadi, nayo hukaa pale pamoja na unyevu hadi kiangazi. Nyumbani Tanzania sikuwahi kumsikia fundi akizungumzia msimbo huu, na ninaelewa kwa nini: magari yetu mengi hununuliwa yakiwa yametumika Japani, yana kopo la mkaa, lakini hayakutengenezwa kujipima kwa kiwango hiki kinachodaiwa Marekani.

Bomba jipya lilipatikana kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kopo la mkaa, kipuri ambacho wengine wangeanza nacho. Nililibadilisha mwenyewe, nje, mbali na kitu chochote cha moto, tangi likiwa karibu tupu, waya hasi wa betri ukiwa umetolewa na kizima moto kikiwa karibu. Bolti zilizoshikwa na kutu nilizilowesha mafuta ya kulegezea tangu jana yake, kwa kuwa bolti ikikatika ndani ya bodi kazi huwa ndefu mara tatu. Waya mdogo unaounganisha bomba na bodi ya gari niliurudisha mahali pake na kuukaza vizuri. Kazi yake ni kuondoa umeme tuli wakati wa kujaza mafuta, na kuusahau ni hatari halisi. Vibano vya mpira niliweka vipya, na kabla ya kurudisha plastiki nikapaka bomba lote mafuta mazito ya kuzuia kutu.

Baada ya hapo nilifuta misimbo, na hapa ndipo subira inahitajika. Kufuta huzima taa, lakini pia hurudisha vipimo vyote vya ndani katika hali ya kutokamilika, na anayekimbilia kituo cha E-Check asubuhi yake hurudishwa. Kwa magari ya mwaka 2001 na kuendelea, kipimo kimoja tu ndicho kinachoruhusiwa kuwa hakijakamilika. Niliendesha kama kawaida, mjini na kwenye barabara kuu, nikaweka mafuta kati ya robo na robo tatu ya tangi, na nikaliacha gari usiku kucha bila kuliwasha ili lipate zile saa zake tano. Nilingoja pia hali ya hewa ipande, maana siku za kwanza zilikuwa bado na barafu. Vipimo vingine vilikamilika upesi, na cha mvuke kikaja mwisho, asubuhi moja ya Aprili baada ya usiku wa vuguvugu, kikiwa kimekamilika bila msimbo wowote unaosubiri kuthibitishwa. Nilikwenda kupima wiki hiyohiyo, kipimo ambacho hakitozwi ada, na gari likapita.

Tangu hapo sijazi mafuta baada ya bomba la kituo kujikata lenyewe, kwa kuwa petroli yenyewe, si mvuke wake, ikifika kwenye kopo huharibu mkaa wake, na majira ya baridi ninaosha ndani ya madigadi ya nyuma kila joto linapopanda juu ya sifuri. Aliye na P0441 au P0446 asianze na bomba wala mfuniko: wa kwanza unamwelekeza kwenye mtiririko wa vali ya kunyonyea mvuke, wa pili kwenye vali ya hewa safi na nyaya zake, na umeme wa vali zote mbili hupimika kwa voltimita kabla ya kulipia moshi.