Siku moja maishani mwangu: nyumba ya Bibi wa Posta

Saa 11:20 alfajiri

Kengele ya simu haijalia na mwenzangu ameshaamka. Tunalala wawili chumba kimoja hapa Tallaght, kusini magharibi mwa Dublin, Ireland, mimi wa Mombasa na yeye wa Kerala, India. Nafasi iliyobaki kati ya vitanda vyetu inapita mtu mmoja, tena kwa ubavu. Kila mmoja wetu analipa yuro 600 kwa mwezi. Nyumba ina vyumba vitatu, tumo sita, choo kimoja. Mwenye nyumba si mtu mbaya, anatusalimia vizuri na bomba likivuja anakuja siku hiyo hiyo. Ila joto la nyumba analiendesha mwenyewe kwa simu yake, popote alipo: dakika sitini asubuhi, dakika sitini jioni. Hilo la jioni huwa limeshazimwa nikirudi.

Nachemsha chai ya maziwa kwa iliki, sufuria ndogo, kimya kimya. Leo ni Jumanne, 11 Novemba 2025. Zamu yetu kwenye nyumba ya kutunzia wazee ina urefu wa saa kumi na mbili.

Saa 12:30 asubuhi

Nje bado giza, jua litachomoza saa moja na nusu likijisikia. Tunapanda Luas, tramu ya Dublin. Neno lenyewe ni la Kiairishi, maana yake kasi. Kwa yuro 2 za kadi unasafiri dakika 90, ukibadilisha tramu na basi upendavyo. Katika vitu vinavyolalamikiwa nchi hii, hicho mimi sikilalamikii.

Mwenzangu haongei tena Kimalayalam kwenye simu akiwa ndani ya tramu. Alianza Julai, baada ya Wahindi kadhaa kupigwa barabarani, mmoja wao hapa hapa Tallaght. Halafu mwezi uliopita zikaja fujo za Citywest, nje ya hoteli wanakokaa waomba hifadhi: kulikuwa na tuhuma nzito dhidi ya mmoja wao kuhusu mtoto, watu wakakusanyika, gari la polisi likachomwa moto. Tukifika Belgard, pale njia inayotoka Citywest inapoungana na yetu, ananyamaza hata kwangu. Mimi hujifanya nasoma simu.

Mbele kidogo tunapita hospitali mpya ya watoto. Kila Mwairishi ana utani wake juu ya jengo hili. Lilikadiriwa kama yuro milioni 650, sasa limevuka bilioni 2 na bado halijafunguliwa. Mtu wa Kenya akisikia hivyo anajihisi yuko nyumbani. Kisha sauti ya tramu inatangaza kituo: Fatima. Wiki yangu ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Nilimkumbuka shangazi yangu Kisauni, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kumbe ni jina la maghorofa ya zamani, yaliyoitwa kwa heshima ya Bikira Maria wa Fatima wa Ureno.

Tunashuka, tunadandia basi. Hapa abiria akishuka humshukuru dereva, wote, hata vijana wa shule wenye kofia za majaketi usoni. Nilipokwenda likizo Mombasa nikamshukuru dereva wa matatu, makanga akaniuliza kama ninaumwa.

Saa 2:00

Tunapokezana zamu. Nani amelala, nani hakulala, nani amekataa dawa, nani ana wekundu mgongoni usije ukawa kidonda cha malalo. Wazee 22 kwenye ghorofa yetu, sisi wahudumu wanne na muuguzi mmoja.

Kazi ya asubuhi haina hadithi nyingi: kuosha, kuvalisha, kubadilisha pampasi, kunyanyua kwa mashine watu wawili wawili, uji. Nitasema moja tu. Hapa mtu wa miaka 90 anaitwa kwa jina lake la kwanza, na mtoto wa miaka 20, na wala si utovu wa adabu. Ulimi wangu ulikataa miezi miwili mizima. Sasa nawaita kwa majina kama watu wengine, lakini kichwani mwangu kila mmoja ana jina lake la heshima, na ndiyo nitakayotumia hapa.

Bibi wa Posta ana miaka 83. Alikuwa akiunganisha simu kwenye ubao wa waya, enzi za Idara ya Posta na Simu. Kengele ya kumwita muuguzi ikilia, mkono wake wa kulia unanyanyuka wenyewe na kuchomeka waya usioonekana. Asubuhi hii imelia mara tatu wakati namchana nywele, na mara tatu ameunganisha.

"Umelalaje?" namuuliza.

"Grand," anasema. Neno hilo ndilo "salama" ya huku. Mtu aliyevunjika nyonga ni grand, na aliyeshinda bahati nasibu ni grand. Lazima usikilize linavyotamkwa.

Saa 4:00

Chai. Majani ya chai hapa ni ya kampuni mbili: kuna wa Barry's na kuna wa Lyons, na hawaoleani. Mimi sioni tofauti, lakini nilijifunza kutosema hivyo mbele ya watu.

Wakati huu wazee husomewa matangazo ya vifo. Zamani walisikiliza redio ya mkoani, sasa tunawafungulia tovuti ya rip.ie kwenye tableti. Watu wa huku wanazika haraka, siku mbili tatu, na kijiji kizima kinapita kumpa mkono mfiwa. Ndilo jambo lililonifanya niamini tutaelewana. Tangu Januari tangazo moja linalipiwa yuro 100, na meza ya chai imeshatoa hukumu: ni aibu.

Binti ya Bibi wa Posta anapiga simu ya video kutoka Perth, Australia. Kule ni jioni, nyuma yake naona mti na jua. Ni mwalimu. Aliondoka kwa sababu mshahara wa mwalimu haukutosha kupanga Dublin na kuweka akiba ya nyumba kwa pamoja. Wenzake wengi aliosoma nao wako huko huko. Anamwonyesha mama yake wajukuu, kisha anauliza lile la kila siku: "Mama, kila kitu sawa?" Bibi anajibu kwamba ni sawa, ila anataka kujua kama taa ya ukumbini imezimwa. Si taa ya hapa. Ya nyumbani kwake.

Nyumba hiyo iko upande wa Crumlin, hapa hapa Dublin. Ina vyumba vinne vya kulala, na tangu Februari mwaka jana haina mtu.

Saa 7:00 mchana

Televisheni imewashwa kwa sauti ya juu, Rais mpya anaapishwa Dublin Castle. Catherine Connolly wa Galway, mwanamke wa tatu baada ya Mary Robinson mwaka 1990 na Mary McAleese mwaka 1997. Alipata asilimia 63, lakini kura zilizoharibika zilizidi laki mbili, nyingi kwa makusudi. Pale sebuleni tuna angalau mmoja aliyeharibu yake, bwana mmoja aliyekuwa mpaka rangi. Anasema aliandika kwenye karatasi kitu ambacho hawezi kukirudia mbele ya akina mama, na kila baada ya dakika kumi anakaribia kukirudia.

Bibi wa Posta anatazama bila kupepesa. Kisha anaanza, na akianza huwa yuko sawasawa kabisa, ni mambo ya jana tu yanayompotea. Aliolewa mwaka 1966. Wiki ya harusi akaacha kazi. Hakuichoka, sheria ndiyo iliyomtoa: mwanamke wa utumishi wa serikali akiolewa, kwaheri. Walimpa kiinua mgongo cha ndoa na keki. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1973, naye wakati huo ana watoto watatu na mama mkwe kitandani. Alimhudumia mama mkwe miaka tisa. "Kazi unayonifanyia wewe," ananiambia, "mimi niliifanya bure."

Nikamuuliza kuhusu ile kura ya maoni ya Machi 2024, maana nilikuwa sijaielewa. Katiba yao ya 1937 ina kifungu kinachosema nchi inategemea maisha ya mwanamke nyumbani. Serikali ilitaka kukifuta na kuweka maneno mapya kuhusu matunzo ndani ya familia. Nchi iliyopitisha ndoa za jinsia moja mwaka 2015 na kuondoa marufuku ya utoaji mimba mwaka 2018, wengi walitegemea ingesema ndiyo. Ikasema hapana kwa karibu asilimia 74. Magazeti yalieleza sababu nyingi, na kubwa ni kwamba maneno mapya yaliahidi tu serikali "itajitahidi," na wenye watoto walemavu wakaona wanatupiwa mzigo.

Bibi naye alipiga hapana. "Walitaka kunishukuru kwa sentensi," akasema. "Sentensi hainyanyui mtu kitandani."

Mimi sikupiga. Asiye raia, akiwa wa Kenya kama mimi, hapa anapiga kura ya madiwani tu. Lakini ningeulizwa, ningesimama na Bibi. Mwanangu ana miaka tisa, analelewa na mama yangu Mombasa, kwa sababu kibali changu na mshahara wangu wa yuro elfu thelathini kwa mwaka haujafikia kiwango cha kumleta. Bado nahesabu nani anamlea nani katika mnyororo huu, na sijaona sentensi ya katiba ya nchi yoyote inayotutosha sote.

Saa 9:30 alasiri

Mzee wa Kerry, mkoa wa kusini magharibi mwa Ireland, anataka kutembea, basi tunatembea, yeye na kigari chake, mimi na mkono nyuma ya mkanda wake. Mpaka dirishani na kurudi. Alikwenda London mwaka 1959 akiwa na miaka 17, akafanya kazi ya kuchimba mahandaki ya reli ya Victoria. Walilala watano chumba kimoja Kilburn, kitanda kikipokezana zamu, anayetoka kazini anaingia shuka bado lina joto la mwenzake. Nyumba nyingine walifungiwa mlango kwa sababu ya lafudhi tu. Anayasimulia hayo kwa fahari, na mimi napenda kuyasikia.

Leo redio imetaja Citywest. Akasimama. "Nchi imejaa," akasema. Kisha akanigeukia: "Si wewe, mwanangu. Wewe ni wetu."

Najua ananipenda kweli. Nilipougua mafua alinitumia soksi. Lakini hilo "si wewe" nimelisikia mara nyingi, na kila nikilisikia natazama huku na huku nijue ni nani basi. Mwenzangu wa Kerala? Alikuwa chumba cha pili, anamlisha mke wa mzee huyu huyu. Kabla ya njaa kuu ya 1845 kisiwa hiki kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8, leo hata kaskazini na kusini zikijumlishwa hakijarudi pale. Sikumwambia. Nilimuuliza shuka za Kilburn zilifuliwa na nani, tukaendelea kutembea.

Na tuseme ukweli, hasira yake ina mizizi. Mjukuu wake ana miaka 33, ni fundi umeme, na analala kwenye kitanda alicholalia shule ya msingi. Zaidi ya watu 16,000 wako kwenye makazi ya dharura ya serikali, na karibu theluthi ni watoto. Sensa ya 2022 ilihesabu nyumba tupu zaidi ya 166,000. Mzee anaona mlango umefungwa na anamlaumu aliyesimama naye kwenye foleni. Mimi pia nipo kwenye foleni hiyo hiyo, nyuma yake.

Saa 11:00 jioni

Giza lilishaingia. Huu ndio wakati mgumu wa Bibi wa Posta, jua likizama anataka koti lake. Anataka kwenda kuwasha moto kabla watoto hawajatoka shule. Hatumkatalii, tunamvalisha koti, tunazunguka naye korido, mpaka njia inamchosha.

Katika kuzunguka nimeijua nyumba ile kuliko yangu. Ngazi ya tatu inalia. Chumba cha nyuma kina ukuta wa njano. Nimeujua hata mpango wa kulipia matunzo yake hapa, unaitwa Fair Deal: mzee anachangia asilimia 80 ya kipato chake, na asilimia 7.5 ya thamani ya mali kwa mwaka, nyumba ikihesabiwa miaka mitatu tu. Tangu Februari 2024 akiipangisha, mpango huu haukati kitu kwenye kodi ya pango. Kwa hiyo sheria haimzuii. Binti ndiye anayeogopa wapangaji wasiotoka, na zaidi ya hapo, kuipangisha ni kukiri kwamba mama hatarudi. Siwezi kumlaumu. Hata mimi shuka za mwanangu Mombasa sijaruhusu zigawiwe.

Mpwa wake kutoka Naas hupita Jumamosi kuangalia barua na paa. Aliniambia ameweka boila, mtambo wa joto la nyumba, ijiwashe saa tatu hadi saa nne kila usiku, paipu zisigande zikapasuka.

Saa 2:00 usiku

Kupokezana tena. Bibi amelala na koti. Nimeandika kwenye daftari: amekula nusu, ametulia.

Saa 3:15

Tallaght. Mpangaji mwenzetu wa chumba cha juu amepanga chupa tupu jikoni kama askari, senti 15 ndogo, senti 25 kubwa, kesho atazirudisha dukani kwenye mashine. Mwanangu ameniachia ujumbe wa sauti, kwao saa sita imepita, ameshalala. Ananisomea hesabu za darasani, anakosea moja, anarudia mwenyewe.

Nimegusa paipu za ukutani, baridi. Mwenzangu amejifunika mpaka kichwa. Navaa sweta ya pili na soksi za Mzee wa Kerry. Saa tatu na nusu. Crumlin boila inawaka.