Tapeti Nane kwenye Trei ya Mayai

Agosti 2011 tingo wangu, msaidizi wangu wa garini, aliupanda mlima Kitonga kwa miguu. Gari lilikuwa linatembea, sikatai, ila kwa mwendo ambao yeye aliona heri ashuke, abebe lile gogo la kuzuilia tairi, aongozane nalo ubavuni kama anayesindikiza ng'ombe mgonjwa. Tulikuwa tunarudi Ilula, mkoani Iringa, kutoka Dar es Salaam, tumebeba saruji na katoni za sabuni za wenye maduka. Malori yenye tela yalitupita. Ukiona lenye tela linakupita Kitonga, jua una shida.

Lilikuwa Mitsubishi Canter nililoachiwa na baba mdogo, injini 4D32, silinda nne, dizeli. Kushuka lilipeleka matenga ya nyanya soko la Ilala, kupanda lilirudi na chochote. Tatizo lilianza kwa moshi mweusi, likaja na sauti: pu, pu, pu, kwenye njia ya hewa. Ukifungua chujio la hewa na kuweka kiganja ulihisi pumzi inarudi, wakati pale hewa inatakiwa kuingia tu. Kila dereva stendi alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema noseli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, nikabadilisha noseli. Pu, pu, pu.

Mwisho nililipeleka kwa mzee mmoja Iringa mjini, fundi aliyekuwa anafanyia kazi chini ya mparachichi nyuma ya nyumba yake. Nikamwamkia, akaitikia huku anaisikiliza injini, kisha akaniambia nizime. Hakuuliza habari za noseli. Alifungua kifuniko cha juu, akawa anaizungusha injini kwa spana, anatazama roka, vile vikono vya chuma, zinavyokandamiza springi za vali, moja baada ya nyingine, anapima kwa kalipa na kuandika kwa chaki kwenye bampa langu.

"Silinda ya tatu, vali ya moshi," akasema. "Haifunguki."

"Haifunguki kabisa, mzee?"

"Inafunguka kama mlango wa mtu anayedaiwa."

Moshi uliokwisha kuungua ulikosa pa kutokea, ukawa unasubiri vali ya hewa ifunguke ndipo urudi kwa mlango wa mbele. Ndiyo ile pu. Na kinachofungua vali kule juu ni kamshafti, mhimili wa chuma wenye nundu, uliolala chini ndani ya bloku, ule mwili wa injini: nundu inainua tapeti, tapeti inasukuma fimbo, fimbo inasukuma roka. Nundu nane, tapeti nane, vali nane. Kama juu ni pazima, basi ugonjwa uko chini, na huko hufiki bila kushusha injini.

Kwa kuwa ilikuwa inakula oili pia, tukakubaliana ifunguliwe yote: slivu, pistoni, ringi, beringi. Nilikuwa na milioni mbili, na si zangu. Ulikuwa mkopo wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, alioukopa mke wangu kwa jina lake, mbele ya wanawake wenzake waliomdhamini. Vifaa hivyo na kazi ya kuchonga vilipokwisha kulipiwa, nikabaki na laki tatu na nusu. Ndipo mzee akaichomoa kamshafti, akaiweka juu ya gunia, akaipangusa.

Hata mimi nisiyejua niliona. Nundu saba zilikuwa na ncha, ya nane ilikuwa bapa kama kisigino cha ndala ya zamani. Alipopima kwa maikromita ilikuwa imepungua mno kuliko wenzake. Hizo nyingine nazo zilikuwa na vitundu vitundu, kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Tapeti iliyokuwa inakaa juu ya ile nundu mbovu ilikuwa imechimbika chini kama kijiko.

Akaniuliza oili namwaga kila baada ya kilometa ngapi. Nikamjibu kwamba huwa naongeza. Akaniangalia. "Sijakuuliza unaongeza lini. Nimekuuliza unamwaga lini." Sikuwa na jibu, na yeye hakulingoja.

Siku ile pale chini ya mparachichi palikuwa na kijana mmoja dereva, mchangamfu sana, akashauri nitafute kamshafti ya 4D33, ile injini kubwa zaidi, "ili Kitonga uipande kama basi." Nakiri wazo lilinikolea. Mzee akacheka kwa pua. Akasema kwenye dizeli nguvu inatoka kwenye pampu na kwenye hewa, kamshafti kazi yake ni kusema mlango upi ufunguke saa ngapi. Tena pistoni ya dizeli ikipanda juu kabisa inakaribia kugusa hedi, lile paa la silinda, hakuna nafasi ya vali kuchezea. Ukiweka nundu isiyo ya injini hiyo, pistoni inaweza kugonga vali, na hapo Kitonga utaupanda umevutwa kwa mnyororo. Kijana akabadilisha mazungumzo.

Mzee hakuweza kusafiri kwenda Dar kunitafutia nyingine, magoti. Akanipa tupa ndogo aliyoizungushia kitambaa, maikromita yake (aliniapisha kwa hiyo), na maagizo matatu ambayo niliyaandika nyuma ya risiti ya slivu. La kwanza: pitisha tupa pembeni ya nundu, ikiteleza kama kwenye kioo, chuma kigumu, ikiuma, rudisha. La pili: pima nundu zote nane, za hewa zilingane zenyewe kwa zenyewe, na za moshi hivyo hivyo. La tatu alilipigia mstari yeye mwenyewe: usinunue kamshafti iliyokwisha kutumika bila tapeti zake, kila moja na nundu yake.

Hilo la tatu sikulielewa, nikamwambia tapeti zote si zinafanana? Akanionyesha miguuni kwangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya mtumba. "Hivyo ulipovinunua vilikuwa vimelalia upande gani?" Kweli, cha kulia kilikuwa kimelika upande wa nje, mwenyewe wa kwanza alikuwa anatembea hivyo, na mimi kilinisumbua kifundo mwezi mzima. Akasema chuma nacho ni hivyo. Tapeti na nundu zimesagana miaka mpaka zikazoeana. Ukiiweka juu ya nundu ya mwingine inaanza kuilamba, na ngozi ngumu ya juu ikishatoka, laini ya ndani haimalizi msimu wa nyanya.

Nikashuka Ubungo, Dar, alfajiri, saa mbili niko Gerezani kwenye maduka ya vipuri. Duka la kwanza lilikuwa na kamshafti mpya ndani ya boksi lenye maandishi mazuri kweli kweli, laki mbili na themanini. Iling'aa. Nikaomba kupitisha tupa. Muuzaji akaishika kamshafti yake kama mtoto anayetaka kuchanjwa. "Bosi, ukishaikwangua nani atainunua?" Nikamwambia ikiteleza naichukua mimi. Akairudisha kwenye boksi. Sijui ilikuwa ngumu au laini, ila mtu anayeuza chuma kigumu sioni kwa nini aogope tupa.

Duka jingine walikuwa na ya kiwandani hasa. Hiyo walikubali nijaribu, tupa ikateleza mpaka ikaniponyoka. Laki saba, tapeti zinauzwa kando. Nikaipiga jicho kama mtu anayetazama nyama dirishani, nikashukuru, nikatoka. Bado naamini ndiyo ingekuwa chaguo sahihi kwa mwenye hela: mpya kwa mpya, kamshafti na tapeti zake, uanze ukurasa. Lakini laki saba sikuwa nazo, na kurudi kwa wale akina mama wa VICOBA kuomba nyongeza lilikuwa jambo ambalo mke wangu alikuwa ameshaniambia nisilifikirie.

Wazo la kuchongesha ile yangu lilikufa haraka. Fundi mashine mmoja aliitazama picha niliyopiga kwa simu, akaniambia anaweza kujaza kwa kuchomelea na kusaga upya, laki moja. Kisha akaongeza bila kuulizwa: "Ila ile ngozi ya kiwandani sitakurudishia. Ingekuwa ya mashine ya kusaga mahindi ningekuchukulia hela yako." Mpaka leo nikipita na mteja Dar namwelekeza kwake.

Nikaingia kwenye mtumba. Kamshafti za 4D32 zilikuwepo, zimesimamishwa ukutani kama miwa. Nilipouliza tapeti, kijana akaniletea kopo la maziwa limejaa, akalitikisa: "Chagua nane zako, mkubwa." Tapeti za injini labda kumi zimechanganyika humo. Nikakumbuka kifundo changu.

Kwenye saa tisa, jua limenichapa na maikromita ya watu ikinielemea mfukoni, nikaelekezwa kwenye yadi moja uani. Walikuwa na injini iliyotoka Japani ikaangushwa wakati wa kupakuliwa, bloku imepasuka kwenye kiti cha kufungia. Hedi ilikuwa imeshauzwa, pampu imeshauzwa. Ila chini kulikuwa hakujaguswa: tapeti zote nane bado zimekaa kwenye matundu yake, na oili iliyokuwa ndani ilikuwa na rangi ya asali. Nilishindwa kujizuia, nikampigia mzee. Akauliza oili ina rangi gani kabla hata ya salamu.

Tulianzia laki tatu. Nikamweleza mwenye yadi kwamba bloku yake imepasuka na hakuna mwingine atakayekuja kuililia. Akaniambia na mimi nina sura ya mtu ambaye gari lake liko juu ya mawe. Tulikuwa wakweli wote wawili. Tukakutana kwenye laki moja na themanini, nikaichomoa mwenyewe na kijana wake.

Ndipo likaja suala la kuzibeba. Nilikuwa na mfuko wa plastiki tu, na ndani ya mfuko zingechanganyika kabla sijafika barabarani. Nje ya geti palikuwa na jamaa wa chipsi mayai. Nikanunua chipsi kavu, nikaomba na trei tupu. Nikaandika kwa kalamu ya wino mzito: 1 hewa, 1 moshi, 2 hewa, 2 moshi, mpaka zikatimia nane, kila tapeti nikaichomoa na kuiweka kwenye tundu lake. Nundu nikazipima palepale juu ya tairi kuukuu. Za hewa zililingana, za moshi zililingana. Tupa iliteleza.

Usiku ndani ya basi kamshafti niliipakata, imefungwa kwenye magazeti yaliyoloa oili, kwa sababu mzee alisema nikiiweka chini ya mizigo ikapinda nisimletee. Trei nikaweka juu ya mapaja. Kondakta akataka mayai yapande kwenye kiegesho cha juu. Nikakataa. Mama wa kiti cha pembeni akachungulia, akakaa kimya kama dakika tano, akauliza polepole: "Mwanangu, hao ni kuku gani?"

Mzee alizipima upya zote, hakuniamini hata moja, jambo lililonifurahisha. Akazipaka grisi nyeusi, akarudisha kila tapeti kwa mujibu wa trei, akalinganisha alama za gia za mbele mara tatu. Nafasi za vali akaziweka pointi arobaini za milimita, injini ikiwa baridi. Ilipowaka hakuniruhusu kuiacha ingurume chini chini bila kukanyaga mafuta. Nilikanyaga mafuta kwa kiasi kimoja dakika ishirini, mguu ukafa ganzi, yeye ameweka kiganja kwenye njia ya hewa. Hakikurudishwa na pumzi yoyote. Akaniambia niimwage oili baada ya kilometa mia tano, akatamka neno "niimwage" kwa herufi zote.

Safari ya kwanza tulishuka na matenga, tukarudi na saruji. Tulifika chini ya Kitonga jioni, nikaingiza gia, nikazima redio ili nisikilize. Kona ya kwanza, ya pili. Lori la tela lilikuwa mbele yetu, nikawasha indiketa, nikalipita. Nikageuka kumwambia tingo aone. Alikuwa amelala, gogo liko miguuni pake.