Nati arobaini kabla ya harusi

Wengi wanaoniona kando ya Barabara ya Musoma, hapa Nyakato jijini Mwanza, nikiwa na kompresa, jeki mbili na rundo la matairi yaliyochoka, hudhani kazi yangu ni kujaza upepo na kuziba pancha tu. Sina ugomvi na pancha, kwa kuwa ndiyo inayolipa kodi ya pango. Hata hivyo, naomba niwasimulie Ijumaa iliyopita, ili anayepita na daladala aelewe kwa nini fundi wa matairi anaweza kusimama muda mrefu akibishana juu ya kipande cha aluminiamu chembamba kama boksi la kiberiti.

Saa 12:30 asubuhi nilifungua kontena. Kufikia saa 3:00 nilikuwa nimejaza upepo daladala tatu, nimeziba pancha mbili za bodaboda na kubadilisha tairi la Fuso lililotoka Mwaloni Kirumba na shehena ya dagaa, ambayo harufu yake ilibaki kwetu hadi mchana.

Saa 3:20 likaingia Toyota Crown jeupe, limeoshwa mpaka linaakisi mawe ya mlimani. Kijana aliyeshuka aliniamkia vizuri, nikamwitikia, kisha akafungua buti na kutoa spesa nne zilizofungwa kwenye gazeti, yaani bamba za aluminiamu zinazowekwa kati ya habu na rimu ili kusogeza tairi nje. Kaka yake alikuwa anaoa kesho yake, gari hilo ndilo lingembeba bibi harusi, na yeye hakutaka lionekane limezamisha matairi ndani.

Hapo nilikubaliana naye. Crown likitoka Japani na rimu zake za kiwandani huonekana kama mtu aliyevaa koti la kaka yake: bodi imejaa, matairi yamejificha chini ya madigadi. Tairi likisogezwa nje kidogo, likalingana na ukingo wa madigadi, gari husimama vizuri, na sioni haya kukiri kwamba mimi mwenyewe hugeuka kulitazama. Spesa si dhambi. Ubaya huanza pale kipimo kinapopuuzwa.

Zake zilikuwa bamba tupu za milimita 15, zisizo na boliti zake zenyewe. Nilifungua tairi la nyuma kushoto, nikapima shingo ya habu, ile duara inayochomoza katikati na kuingia kwenye tundu la rimu, ambayo kwa Crown ni milimita 60.1, kisha nikapima tundu la katikati la spesa: lilikuwa karibu milimita 67. Nikaivalisha mbele yake na kuichezesha kwa kidole, ikapanda na kushuka kama sufuria iliyofunikwa kwa mfuniko wa sufuria nyingine. Spesa ya namna hiyo ikifungwa hukaa upande, na usukani huanza kutetemeka pindi gari linaposhika mwendo. Kisha nikarudisha rimu, nikamkabidhi nati na kumwomba aikaze kwa mkono huku akihesabu. Ilizunguka mara tatu na nusu, ikagota. Boliti za gari hilo zina unene wa milimita 12 na kila mzunguko wa nati husogea milimita 1.5, kwa hiyo ili nati ishike urefu unaolingana na unene wa boliti inahitaji mizunguko minane.

"Sasa fundi, si imegota? Maana yake imekaza," alisema.

Nilimweleza kwamba hata mlango wa choo hugota. Hakucheka. Alidai rafiki yake amefungiwa za aina hiyo hiyo na anaenda Shinyanga kila wiki. Akampigia simu huyo rafiki, akaweka spika, na rafiki akaanza kunifundisha kazi akiwa kitandani. Mjomba wake akapigiwa naye. Wakati huo wateja wawili wa pancha walikuwa wamesubiri, wakachoka, wakaondoka, na kijana wangu wa kazi alikuwa ameshakwenda swala ya Ijumaa. Kila nilipomwambia kwamba yuko huru kupeleka gari kwingine, alijibu kwamba ameambiwa mimi ndiye ninayefunga vizuri, kisha akaendelea kunishawishi nifunge vibaya.

Ushauri wangu wa kwanza ulikuwa anunue rimu zenye ofseti ndogo (ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso wake unaokaa kwenye habu; ikipungua, tairi husogea nje), kwa kuwa rimu yenye ofseti 25 huliweka tairi mahali pale pale ambapo rimu ya 45 ingeliweka ikiongezewa spesa ya milimita 20, bila kipande chochote cha ziada kuingia katikati. Bei ilimfukuza. Mwishowe, saa ngapi sikumbuki, alikubali kununua spesa za milimita 20 zenye boliti zake na tundu la 60.1, zikaletwa na bodaboda kutoka mjini.

Kuzifunga kulinila mchana wote. Nilisugua kutu ya kila habu kwa brashi ya waya, maana kutu ikibaki katikati nati hulegea baadaye. Boliti za zamani zilichomoza kidogo juu ya spesa, nikahakikisha kwamba rimu zina vishimo vya kuzipokea kwa nyuma. Nati tano zinafunga spesa kwenye habu na nyingine tano zinafunga rimu kwenye spesa. Kwa matairi manne ni nati arobaini, zote kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tik" nguvu ya kukaza ikitimia, hapa nyutoni mita 103, kwa mwendo wa nyota, yaani kwa kuruka nati moja kila mara. Nikaukata usukani hadi mwisho kila upande na kuona kwamba kidole kinapita kati ya tairi na madigadi. Nikamwambia pia kwamba beringi zitachoka mapema kuliko zamani, na akikaa nazo asije kunilaumu.

Alikuwa na safari ya Magu kumchukua shangazi yake, nikamwagiza apitie kwangu akirudi, kwa kuwa spesa mpya hukaguliwa baada ya kilomita 50 hadi 100. Giza lilikuwa limeshaingia aliporudi, na shangazi alikuwa kiti cha nyuma, amepakata kuku.

Nati za ndani hazifikiwi bila kuvua tairi, kwa hiyo nikavua yote manne tena, mgongo ukilia, huku shangazi akiuliza kama gari limeharibika. Tairi la mbele kulia, nati mbili za ndani zilizunguka kidogo kabla spana haijatoa "tik", yaani zilikuwa zimelegea. Kijana aliinama, akaziona, akanyamaza. Baada ya hapo ni yeye aliyenishikia tochi mpaka nati ya mwisho.

Nilipomaliza aliniomba nimpige picha, yeye na gari, chini ya taa ya barabarani. Nikachuchumaa, nikairudia mara tatu, kwa sababu kwenye zile mbili za kwanza tairi la nyuma halikuonekana vizuri.