Wakati wa Kunyamaza, na Wakati wa Kunena

Wapendwa katika Bwana, neno letu la juma hili ni Mhubiri 3:7. Naomba tulitafakari pamoja na maisha ya Pete Seeger, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1919, kwa kuwa ndiye aliyeitilia muziki sura hiyohiyo ya 3, akayaacha maneno yake karibu yote kama yalivyo katika Biblia.

Tarehe 18 Agosti 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwasaka wakomunisti. Ni kweli kwamba ujanani alikuwa mwanachama wa chama cha wakomunisti na baadaye akakiacha, nasi hatuna sababu ya kulificha. Wengi walioitwa walijikinga kwa haki ya mtu kutojishuhudia mwenyewe. Yeye hakuishika ngao hiyo, bali alisema kwamba haifai Mmarekani yeyote kuulizwa kwa kulazimishwa juu ya imani yake au siasa yake, wala hakumtaja mwenzake hata mmoja. Walipomuuliza habari za wimbo fulani, alikuwa tayari kuwaimbia, ingawa banjo yake haikuwapo, lakini kamati haikutaka kuusikia.

Kimya hicho kilimgharimu. Mwaka 1961 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, na ingawa mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo mwaka 1962, televisheni kubwa ziliendelea kumfungia milango kwa miaka kadhaa, naye akawa anawaimbia watoto mashuleni na vijana vyuoni. Ndugu zangu, hapa moyo wangu hunichoma kila mara. Ni mara ngapi tumeulizwa habari za ndugu yetu, hata katika vikao vya kanisa, tukanena upesi ili sisi wenyewe tusalimike?

Tarehe 18 Januari 2009, siku mbili kabla Barack Obama hajaapishwa, mzee huyo alisimama Washington mbele ya Jumba la Kumbukumbu la Lincoln, akiwa na miaka 89 na banjo yake, pamoja na mjukuu wake na Bruce Springsteen. Sauti yake ilikuwa imechakaa. Kwa hiyo aliutamka kila mstari kwanza, kama afanyavyo kiongozi wa nyimbo penye vitabu vichache, kisha akauachia umati uuimbe.