Insha za Wasifu kwa Kiingereza: Nilivyoanza na Embe

Mwanafunzi aliyesoma shule ya msingi ya serikali hapa Tanzania hufundishwa karibu masomo yote kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza hutakiwa kuandika karibu kila kitu kwa Kiingereza. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba insha zake za wasifu, yaani za kueleza jinsi kitu au mahali palivyo, ni kavu kwa sababu ya upungufu wa msamiati. Niliwapa wanafunzi wangu kazi ya kueleza soko, nikapata sentensi zile zile: soko ni "very beautiful", watu ni "many". Nikajaza ubao kwa orodha ya vivumishi, wakazinakili na kuzikariri, na insha hazikubadilika.

Siku moja niliingia darasani na maembe. Nilipiga marufuku maneno "nice", "good" na "very", nikawataka wayashike maembe, wayanuse, na wayaeleze kwanza kwa Kiswahili, lugha ambayo imezoea kuazima rangi kutoka kwenye vitu: kijivu kwenye jivu, kahawia kwenye kahawa, kijani kwenye jani. Asiyejua jina la rangi kwa Kiingereza anaweza kutaja kitu chenye rangi hiyo, na anayeandika kwamba ganda la embe lina rangi ya udongo uliolowa amekwisha kumpita aliyekariri orodha yangu. Tanakali za sauti nazo zilitusaidia mno. Giza totoro lilitufikisha kwenye "pitch-dark". Na jiwe lililotumbukia majini chubwi lilituonyesha kwamba Kiingereza mara nyingi hukipa kitenzi, kama "splash", kazi ambayo sisi huiachia tanakali.

Mpangilio wa maneno ulihitaji mazoezi ya peke yake, kwa kuwa sisi hutanguliza nomino na Kiingereza hutanguliza sifa, hivyo "mango big yellow" si uzembe bali ni Kiswahili kilichovaa maneno mapya. Vijikaratasi vya kupanga na kupangua mezani vilitosha.

Baada ya wiki chache niliwarudisha kwenye soko lile lile. Binti mmoja, ambaye awali alikuwa ameandika mistari minne tu, alianza hivi: "The fish are sleeping on wet table with open eyes." Neno "the" lilikosekana mbele ya "wet table". Nililiacha hadi rasimu ya pili.